Komeo lisiloingia: kisa cha bunduki ya Mjomba na risasi za .22

Mjomba wangu analima mahindi hekta 12 kwenye barabara ya Kasenga, mwendo wa saa moja na nusu kutoka Lubumbashi, Kongo, ikiwa mvua haijaharibu njia. Mwezi wa tatu, mahindi yakiwa bado na maziwa, nguruwe pori walikuwa wanaingia kila jioni. Mjomba ana bunduki yenye karatasi zake zote, ya komeo (chuma kinachofunga nyuma ya risasi) la kuzungusha kwa mkono, kaliba .223, yaani kipimo cha tundu la mtutu, na ana kibali cha kulinda shamba. Jioni ile alimpiga dume mmoja akiwa umbali wa mita 80 hivi. Risasi iliingia nyuma mno, tumboni.

Tulifuata damu kwa tochi mpaka tukaogopa, maana nguruwe pori aliyejeruhiwa humngojea mtu kwenye majani. Tulimkuta kesho yake asubuhi karibu na kijito, bado yu hai. Usiku mzima alikuwa hai. Mjomba alimmaliza, akakaa chini kwenye majani yenye umande bila kusema neno, na nyama ile hakuila.

Ninaandika kisa hiki kwa sababu kilichofuata, miezi kama kumi na miwili ya kutafuta mazoezi ya bei nafuu, kilikuwa na makosa ambayo naona wenye bunduki za halali hapa kwetu wanayarudia. Na nguruwe yule ndiye chanzo chake.

Kwanza, kwa nini alikosa. Nilimuuliza: tangu mavuno yaliyopita, umepiga risasi ngapi kwenye karatasi? Akahesabu kwa vidole. Nne. Risasi zake za .223 haziuzwi kwenye duka la mtaani, zinakuja kwa karatasi na kwa gharama, naye huzihifadhi kwenye kopo la maziwa kama mbegu. Hakutaka kuzipoteza kwenye karatasi, kwa hiyo mazoezi yake yote aliyafanyia kwa mnyama. Sisemi hili kumlaumu. Karibu kila mkulima mwenye bunduki ninayemjua anafanya hivyo hivyo. Niongeze pia kwamba .223 ni ndogo kwa nguruwe pori: mnyama anayeweza kuzidi kilo 80 haangushwi na risasi ya gramu 3.6 isipoingia pale hasa inapotakiwa. Anayebeba bunduki ndogo ndiye anayehitaji mazoezi zaidi, na ndiye aliyekuwa anayakosa.

Mwana wa Mjomba anaishi Marekani. Alipopigiwa simu na kusikia habari za nguruwe, hakulala. Wiki mbili baadaye Mjomba akaniita: "Mutoto ametuma kintu, kuya uone." Kilichotumwa kilikuwa picha tu kwenye simu: kipande kirefu cha chuma chenye springi, na magazini nyeusi pembeni. Ni kifaa cha kugeuza bunduki ya .223 ipige risasi za .22, ndogo na za bei nafuu zaidi. Alikilipia zaidi ya dola 200. Alikuwa amemsikia mtu kazini kwake akikisifu, naye akamfikiria baba yake.

Hapa inabidi nieleze kifaa chenyewe, maana wazo lake ni zuri na halikuwa upumbavu wa kijana.

Risasi ya .22 Long Rifle ilitoka katika kiwanda cha Stevens, Marekani, mwaka 1887. Haina fataki katikati ya kitako cha ganda kama risasi kubwa. Kemikali ya kuwasha baruti imetandazwa ndani ya ukingo wa ganda, na sindano ya bunduki hugonga ukingo huo. Ukingo ukipaswa kuwa laini ili ubonyee, ganda lote linakuwa laini, na ganda laini halivumilii nguvu nyingi. Ndiyo sababu risasi hii imebaki ndogo, na ndiyo sababu ni rahisi kuitengeneza kwa wingi. Jina la "flobert", ambalo Mjomba alilisikia kwa baba yake, ni la Louis-Nicolas Flobert wa Paris, aliyetengeneza risasi ya kwanza ya namna hii mwaka 1845 kwa ajili ya watu kupiga shabaha ndani ya nyumba. Kwa hiyo tangu asili yake ni risasi ya mazoezi.

Kutumia risasi ndogo ndani ya bunduki kubwa nako ni jambo la zamani. Waingereza walichomeka bomba la Morris, mtutu mwembamba, ndani ya bunduki zao za Martini-Henry katika karne ya 19. Wajerumani, kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, walikuwa na mtutu mdogo wa kampuni ya Erma wa kuingiza ndani ya bunduki ya Mauser. Ila .223 ina bahati ambayo kaliba nyingi hazina: tundu la mtutu wake na la .22 yanakaribiana sana, yote ni kama milimita 5.7. Hakuna haja ya kuchomeka mtutu wa pili. Inatosha kubadili mahali risasi inapokaa na kinachoigonga. Mwenye bunduki ya 7.62, kama zile nyingi tunazoziona mikononi mwa askari, hana bahati hiyo, risasi ya .22 ingepita ndani ya mtutu wake kama kokoto kwenye bomba la maji.

Basi kifaa alichonunua kijana hufanya hivi: unatoa komeo zima la bunduki ya aina ya AR-15, inayojipakia yenyewe, unaweka lingine ambalo kichwa chake kimechongwa kwa umbo la ganda la .223, na unabadili magazini. Gesi ya bunduki, ile inayorudisha komeo nyuma, haifanyi kazi tena. Ganda dogo lenyewe hulisukuma komeo nyuma. Jeshi la Marekani lilikuwa na kifaa cha namna hii kwa bunduki zake za M16, kikiitwa M261. Kwa mwenye bunduki hiyo ni dakika moja, bila fundi.

Mjomba hana bunduki hiyo. Yake ni CZ 527, unainua mkono wa komeo, unavuta, unasukuma, unafunga. Komeo lake ni fimbo nene kama dole gumba. Kile kipande cha chuma hakiwezi kuingia humo hata kwa maombi. Kijana aliuliza kaliba ya bunduki ya baba, akajibiwa .223, akaridhika. Swali la pili hakuliuliza: komeo linafunguka vipi?

Ningemwambia kila mtu anayetaka kununua kitu cha namna hii aanze na swali hilo. Namba ya kaliba inasema habari za mtutu tu. Haisemi lolote kuhusu sanduku la chuma lililo nyuma ya mtutu, na kifaa kinakaa kwenye sanduku hilo.

Kisha kukawa na jambo lililonitisha zaidi kuliko dola 200. Kijana alisema kifaa kitasafiri ndani ya sanduku la mama mmoja wa kanisa lao, aliyekuwa anakuja Lubumbashi msibani kupitia Addis Ababa. Mama mwenyewe alikuwa ameambiwa ni "spea ya mashine". Nilimpigia kijana simu saa hiyo hiyo, kwake ilikuwa alfajiri.

"Ndugu yangu, umemwambia mama ukweli?"

"Si silaha, ni kipande tu. Hakiwezi kupiga chenyewe."

"Komeo la bunduki ni kipande cha bunduki. Akifunguliwa sanduku Addis au hapa uwanja wa ndege wa Luano, atasema nini? Anakuja kuzika, umpeleke kulala polisi?"

Alinyamaza. Nilimwambia pia jambo ambalo angepaswa kulijua yeye aliye huko: Marekani inadhibiti utoaji wa vipuri vya silaha nje ya nchi, na kununua kwa uhuru dukani hakumaanishi ruhusa ya kupitisha uwanja wa ndege. Huku kwetu, silaha na risasi zina sheria yake tangu tarehe 3 Septemba 1985, na mtu anayekutwa na kipande cha bunduki bila karatasi hana wa kumtetea, hasa katika nchi ambayo silaha zimetuua kiasi hiki. Kifaa kikatolewa kwenye sanduku. Namshukuru kijana kwamba hakubishana. Alichokuwa nacho kilikuwa upendo, na upendo ukiwa mbali na nyumbani hutafuta kitu cha kununua.

Mjomba alihuzunika. "Sasa njo namna gani?" akaniuliza. Nikamwambia tukae tufanye hesabu, maana hata kifaa kingeingia, sikuwa na hakika kwamba kingemfaa.

Hesabu ya vifaa hivi ni rahisi. Unachukua bei ya kifaa, unaigawa kwa tofauti ya bei kati ya risasi kubwa moja na ndogo moja. Tuseme kifaa ni dola 200 na tofauti ni senti 40: unahitaji kupiga risasi 500 kabla hujaanza kuokoa hata franka moja. Anayepiga shabaha kila Jumamosi atazimaliza 500 kabla ya miezi mitatu. Mjomba, hata kwa bidii, angepiga 150 kwa mwaka. Angefikia faida mwaka wa nne, na hiyo ni bila kuhesabu kwamba risasi za .22 zenyewe hapa zinahitaji kutafutwa kwa karatasi kama nyingine.

Njia ya pili tuliyoifikiria ni ganda la chuma. Kwa bunduki za komeo la mkono kuna kitu kidogo chenye umbo la risasi ya .223, ambacho ndani yake kimetobolewa nafasi ya .22, kando kidogo ya katikati ili sindano ya bunduki iangukie kwenye ukingo. Unapakia moja, unapiga, unatoa, unasukuma ganda tupu kwa kijiti, unapakia tena. Ni polepole, na kwa mafunzo polepole si ubaya. Bunduki inabaki ile ile: kitako kile kile shavuni, kifyatulio kile kile, darubini ile ile. Kwa Mjomba hiki ndicho kingekuwa chaguo sahihi tangu mwanzo, kama kungekuwa na njia ya halali ya kukipata karibu.

Habari zikatembea, na fundi mmoja wa mashine ya kukereza vyuma, kijana hodari sana, akasema analeta ganda kama hilo kwa siku mbili, nionyeshe tu risasi. Nilikataa, na Mjomba akanikasirikia kwa wiki nzima. Najua mikono ya mafundi wetu. Jiji hili limejengwa na watu waliojifunza chuma karakana za mgodi, na wanafufua pampu ambazo wenye viwanda wamezitupa. Lakini risasi ya .22, pamoja na udogo wake, hubana gesi kwa nguvu inayozidi mara elfu moja ile ya hewa tunayovuta. Chuma hakijulikani kilitoka wapi, kipimo kimechukuliwa kwa macho, na ukingo wa ganda laini usiposhikwa sawasawa hupasuka upande wa uso wa mpigaji. Kwa pampu, kosa hutoa maji. Mjomba ana macho mawili na nilitaka abaki nayo. Tena kukereza kipande cha silaha bila ruhusa ni kosa, hata kama nia ni njema.

Tukabaki na vitu tulivyokuwa navyo. Mimi nina bunduki ndogo ya .22 yenye karatasi zake, ya komeo la mkono, CZ pia. Uzito na kitako vinakaribiana na ile ya Mjomba, ingawa kifyatulio changu ni kigumu kidogo. Tulikubaliana atapiga nikiwa pembeni, shambani kwake, na nikaenda kwanza kumweleza chifu wa kijiji na kuuliza ofisini kuhusu karatasi, ili mlio usimshtue mtu na swali lisije baadaye.

Mahali pa kupigia palikuwepo tayari. Mtu ambaye hajafika Katanga hawezi kufikiria vichuguu vyetu. Vinafika mita 8 kwenda juu, na upana wa mita 15 chini, vilima vya udongo mwekundu vilivyosimama katikati ya miti ya miombo, vingine vikiwa na umri mkubwa kuliko kijiji chochote cha jirani. Kwenye kila hekta vinaweza kuwapo vitatu au zaidi. Shamba la Mjomba lina vingi, na yeye hulima akivizunguka. Tulichagua kimoja ambacho nyuma yake hakuna njia wala nyumba. Nasisitiza hilo kwa sababu watu huidharau .22: makopo yake yana onyo kwamba risasi inaweza kusafiri zaidi ya maili moja, yaani zaidi ya kilomita moja na nusu. Ndogo haina maana ya fupi.

Siku ya kwanza, mwezi wa sita, tulikosea. Kiangazi hukausha kichuguu kikawa kama tofali lililochomwa, na risasi ya .22 ni laini, ya madini ya risasi (plomb), tena inakwenda polepole. Ya tatu iligonga udongo mgumu ikaruka na kupiga filimbi juu ya vichwa vyetu. Tulisimamisha. Siku mbili vijana walichimba uso wa kichuguu, wakatengeneza kama pango lisilo na kina, tukalijaza mchanga wa mtoni mpaka urefu wa kifua. Baada ya hapo hakuna hata moja iliyorudi.

Mazoezi yenyewe yalikuwa hivi. Siku tano za wiki, Mjomba hakupiga risasi yoyote. Kila jioni kabla ya bukari (ugali), kwa dakika kumi, alichukua bunduki yake ya .223, akahakikisha ni tupu mara mbili, risasi zote zikiwa chumba kingine zimefungiwa, akaweka risasi bandia ndani, akalenga doa kwenye ukuta wa udongo ambao nyuma yake ni kichuguu kingine, akavuta kifyatulio. Tunaita kupiga kavu. Hakuna gharama hata senti. Sharti moja: bunduki za .22 zisipigwe kavu bila kitu ndani, kwa sababu sindano yake, isipokuta ukingo wa ganda, inaweza kugonga ukingo wa chemba, pale risasi inapokaa, na kuuharibu. Tulitumia ile kubwa kwa kazi hiyo.

Jumamosi tulipiga .22, risasi 20, mita 25 kwa wiki tatu, kisha mita 50. Kila risasi ilipakiwa kwa mkono, moja moja. Nilimkataza kupiga zaidi ya 20 hata akiwa na hamu, kwa kuwa ya ishirini na tano mtu huipiga amechoka na anajifundisha uchovu.

Kwa umbali wa mita 50 jambo lilijitokeza ambalo linastahili kuelezwa. Risasi ya .22 iliyorekebishwa kulenga mita 50 huanguka sentimita 15 hadi 20 ikifika mita 100. Ile ya .223 iliyorekebishwa kwa mita 100 huanguka kama nusu tu ya hapo ikifika mita 200. Kwa hiyo .22 haimfundishi mtu umbali wa bunduki kubwa. Atakayejifunza kwenye .22 kulenga juu kidogo, akabeba tabia hiyo kwenye .223, atapita juu ya mgongo wa mnyama. Tulikubaliana kwamba .22 ni ya kufundisha mambo manne tu: shavu kukaa mahali pamoja, pumzi, kidole, na kuendelea kutazama baada ya mlio. Umbali na upepo vibaki kwa bunduki yenyewe.

Pia nilitaka kujua kama ganda la chuma, lile tulilolikosa, lingetupa shabaha nzuri, na jibu liko kwenye mifereji ya mtutu. Mitutu ya .22 kwa kawaida huizungusha risasi mara moja kila inchi 16, kama sentimita 40. Mitutu ya .223 huzungusha haraka zaidi, inchi 7 hadi 12. Risasi laini iliyolazimishwa kuzunguka haraka namna hiyo, tena baada ya kuruka nafasi tupu kabla ya kushika mifereji, hutawanyika. Kwa mita 25 unaweza kuitumia, kwa 50 utaanza kumlaumu mpigaji kwa kosa la kifaa. Na mtutu hubaki na uchafu wa madini laini na nta ambao lazima usafishwe kabla ya kurudisha risasi kubwa ndani. Bunduki ndogo halisi, inayofanana na kubwa, ni bora kuliko kifaa kwa karibu kila kitu isipokuwa kifyatulio. Haya ni maoni yangu baada ya mwaka huu, na ninayashikilia.

Mwezi wa tisa Mjomba alikuwa anaweka risasi tano za .22 ndani ya duara la sentimita 3 kwa mita 50. Alifurahi kama mtoto, akamtumia mwanawe picha ya karatasi. Nikasema sasa tupige tano za .223, mita 100.

Zilitawanyika sentimita 19.

Sijawahi kumwona amevunjika moyo kiasi kile, hata siku ya nguruwe. Miezi mitatu ya Jumamosi, na bunduki yake inamkana. Nilirudi nyumbani nikafikiri usiku. Jumamosi iliyofuata nilifanya alichonifanyia mimi mzee aliyenifundisha: nilipakia bunduki yake mwenyewe, yeye akiwa amegeuka, wakati mwingine risasi halisi, wakati mwingine bandia, bila yeye kujua. Alipovuta kwenye bandia, mdomo wa mtutu ulizama chini kama kuku anayedonoa. Alijiona mwenyewe. Hakuna mlio wa kumficha.

Teke la .223 si kubwa, na Mjomba ana bega la kubeba magunia. Kilichokuwa kinamshtua ni sauti. Risasi inayotoka kwa mita 980 kwa sekunde hupasua hewa, na ile ya .22 haikumfundisha kuvumilia mlipuko huo kwa sababu hailipuki hivyo. Miezi mitatu .22 ilikuwa imeficha ugonjwa wake huku ikimpa alama nzuri. Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema risasi ndogo hutibu mshtuko. Kwa anayeanza, humzuia asiupate. Aliyekwisha kuupata hupumzika tu, na ukirudi mlio, mshtuko unarudi.

Tulinunua vizuia sauti vya masikio vilivyo vizuri, vile vya kufunika sikio zima, badala ya pamba aliyokuwa anatumia miaka yote. Kila Jumamosi, baada ya .22 kumi, alipiga .223 tatu tu, zikichanganywa na bandia saba. Risasi tatu kwa wiki, wiki nane, ni 24. Kopo la maziwa lilivumilia. Mwisho wa mwezi wa kumi na moja, mvua zikianza, tano zake kwa mita 100 zilikaa ndani ya sentimita 7.

Mwezi wa pili nguruwe walirudi. Alimpiga jike mmoja kwa mita 70 na akaanguka pale pale alipokuwa, mdomo bado una punje. Wawili wengine aliwaacha, mwanga ulikuwa umekwisha na hakuwaona vizuri. Kwangu mimi hao wawili alioacha ndio matokeo makubwa zaidi ya mazoezi yote.

Kuna jambo moja nililoliona kwa kuchelewa, na linaniuma.

Udongo wa kichuguu hapa kwetu hauachwi bure. Watu hufyatulia matofali, hurutubishia bustani, na wanawake wenye mimba huula. Mama zetu waliula, dada zetu wanaula. Mwezi wa kwanza, mke wa kijana mmoja wa shamba, akiwa na mimba ya miezi mitano, alikuja na kisahani kwenye kile kichuguu chetu, kwa sababu tulipochimba udongo ulikuwa umefunuka, laini, safi kwa macho. Ndani ya mchanga ule na udongo wa nyuma yake kulikuwa na zaidi ya risasi 300 za plomb, madini yale yale yaliyoitia sumu Kabwe, kule Zambia, ambako mgodi ulifungwa mwaka 1994 na watoto bado wanayabeba kwenye damu. Sisi wa Lubumbashi tumekulia chini ya moshi wa shaba, tunajua vumbi linavyoweza kumkalia mtu mwilini. Na bado mimi, niliyefikiria njia ya kila risasi hewani, sikufikiria inakolala.

Mjomba alimwita yule mama mwenyewe, akamweleza kwa upole, akampeleka kwenye kichuguu kingine upande wa mto, mbali. Tuliuchekecha mchanga wote kwa kichujio cha zege, tukavaa glavu, tukapata vipande vilivyojaa kopo moja la nyanya, ambalo limefungwa na kuwekwa juu ya dari mpaka tupate wa kulipokea anayejua kazi hiyo. Mchanga hatukuurudisha mtoni. Kichuguu chenyewe tumekizungushia miiba, na Mjomba amewaambia wanawake wote wa jirani, nyumba kwa nyumba, kwamba kile hakichimbwi tena, hata kwa tofali. Jumamosi hii tunaanza tena, na safari hii risasi zitaingia kwenye magunia ya mchanga yaliyopangwa ndani ya sanduku la mbao, ili tuweze kuzihesabu na kuzitoa zote.